Kiungo Hakai na Mpira

Kiswahili kimemtendea haki mchezaji wa katikati ya uwanja. Beki, winga, kipa: hayo ni majina ya kuazima, yamekuja na mpira wenyewe. Yule wa katikati tumempa jina la nyumbani. Kiungo. Ni jina la goti na kiwiko, pale mfupa unapokutana na mfupa. Ni jina la kila kinachounga kitu na kitu. Na ukiingia jikoni, kiungo ni bizari, ni tangawizi, ni ile iliki iliyosagwa ikapotelea ndani ya mchuzi: mlaji haioni, lakini isipotiwa anaweka kijiko chini.

Kuna mzee mmoja wa Argentina ambaye maana zote tatu zimempata, kwa mfuatano huohuo. Anaitwa José Pekerman. Goti ndilo lililomtoa uwanjani. Kuunga ndiyo kazi aliyoifanya baadaye, miaka saba akiwa kocha wa timu za taifa za vijana. Na ladha aliyoitia bado inaonjwa leo, kwenye vyungu vilivyopakuliwa na watu wengine.

Alizaliwa tarehe 3 Septemba 1949 huko Villa Domínguez, kijiji cha mkoa wa Entre Ríos kilichojengwa na wahamiaji wa Kiyahudi. Wazee wake walitoka Ukraine. Mwaka 1970 akaanza kuichezea Argentinos Juniors ya Buenos Aires, klabu ndogo ya mtaa wa La Paternal, na mwaka 1974 akaenda Colombia kuichezea Independiente Medellín. Hakuwa nyota. Alikuwa kiungo wa aina ile ambaye magazeti ya Jumatatu hayamtaji timu ikishinda, na wenzake wanamtafuta kwa macho timu ikizidiwa. Akiwa na miaka 28 goti likagoma, na mambo ya kucheza yakaishia hapo.

Akarudi Buenos Aires, akashika usukani wa teksi, Renault 12. Wengi hupenda kuisimulia sehemu hii kama hadithi ya mtu aliyeanguka kisha akainuka. Mimi naisoma vingine. Dereva wa teksi katika jiji kubwa hufanya jambo moja kutwa nzima: anatazama kioo kabla ya kukata kona. Na hilo ndilo jambo la kwanza analotakiwa kulijua kiungo. Mtazame kiungo mzuri wakati mpira bado uko kwa beki wake. Shingo haitulii. Bega la kulia, bega la kushoto, kisha mpira. Anajua nani yuko mgongoni, nani anamjia, wapi pako wazi, ili mpira ukigusa mguu awe amekwisha kuamua. Kiungo mbovu hupokea kwanza ndipo aanze kufikiri, na fikra zake hukatizwa na kiatu cha mtu. Miguu ya hao wawili inaweza kuwa sawa kabisa. Kilichowatenga ni shingo.

Kocha wa vijana naye anaishi kwa shingo. Anamwona mtoto wa miaka kumi na mitano na kutakiwa aone mtu mzima aliye nyuma yake, ambaye bado hajafika.

Shingo hiyo Pekerman aliinoa pasipo kelele. Mapema miaka ya 1980 alianza na vijana wa Chacarita Juniors, kisha akarudi kwenye klabu yake ya zamani, Argentinos Juniors, akakaa miaka kumi akifundisha watoto. Ni klabu ambayo Waargentina huiita kitalu cha mbegu, na jina hilo si la kujipendekeza: Diego Maradona aliichezea mechi yake ya kwanza ya ligi mwaka 1976, na baada yake wakapita hapo akina Fernando Redondo, Juan Pablo Sorín, Juan Román Riquelme, Esteban Cambiasso na Diego Placente. Mwaka 1992 Pekerman alivuka milima ya Andes kwenda kulea vijana wa Colo-Colo ya Chile. Hakuwa amepata kufundisha timu ya wakubwa hata moja. Ukimwuliza shabiki wa kawaida wa Buenos Aires wakati huo habari za Pekerman, angekuuliza nawe unamsema nani.

Wakati huohuo timu ya vijana ya Argentina ilikuwa imeingia aibuni. Mwaka 1991, kwenye Kombe la Dunia la Vijana nchini Ureno, walitolewa hatua ya makundi. Katika mechi dhidi ya wenyeji walifungwa 3–0 na wakaoneshwa kadi nyekundu kadhaa, na fujo zile zikawaponza: FIFA ikawafungia, wakaikosa michuano ya mwaka 1993. Nchi iliyomtoa Maradona ikawa inatazama vijana wa wenzao kwenye televisheni.

Mwaka 1994 chama cha soka cha Argentina, chini ya Julio Grondona, kilitafuta mtu wa kuanza upya. Watu wenye majina makubwa walikuwepo. Pekerman akapeleka mpango wake wa kazi ulioandikwa, na kazi akapewa yeye. Waandishi wa michezo walishangaa, na usingeweza kuwalaumu. Kilichokuwa kimeajiriwa ni makaratasi na miaka kumi ya kutazama watoto.

Hapa ni vizuri kusimama kidogo tuitazame kazi yenyewe, maana wengi huidhani kuwa ni ukocha wa kawaida uliopunguzwa umri. Kocha wa klabu ana shamba. Anapanda, anapalilia, kila siku yuko pale, mavuno ni yake na hasara ni yake. Kocha wa timu ya taifa ya vijana hana shamba. Anafanana zaidi na fundi cherehani wiki ya mwisho kabla ya Idi. Kitambaa kimefumwa na wengine, kimenunuliwa na wengine, na vazi litavaliwa na mwingine. Yeye ana siku chache na mkasi mkononi, na akikosea kukata hakuna kitambaa cha pili. Wachezaji wanamjia kutoka klabu ishirini tofauti, kila mmoja amezoea kuchezeshwa kwa namna yake. Anakaa nao wiki chache, wakipikika kidogo wanamaliza umri na kuondoka. Mwaka unaofuata anaanza tena na sura mpya.

Katika hali hiyo kuna kishawishi kikubwa, na kila aliyewahi kutazama mashindano ya shule anakijua. Miaka kumi na sita, kumi na saba, watoto hawajalingana. Mmoja ameshaota ndevu, mwenzake bado anavaa jezi kama kanzu. Ukitaka kushinda Jumamosi hii, mchague mwenye ndevu. Atawakimbiza wenzake, atawasukuma, atafunga kwa kichwa, na wewe utapewa kombe. Miaka mitano baadaye wengine wote watakuwa wamemfikia kimo, naye hatakuwa na lingine la kuonesha.

Ukipitia vikosi vya Pekerman utaona mkasi wake ulikata upande mwingine. Pablo Aimar alikwenda naye Malaysia akiwa na miaka 17, mwembamba kama ufito, kwenye Kombe la Dunia la Vijana la 1997, mashindano ya vijana wa miaka 19 na 20. Cambiasso alikuwa na miaka 16. Javier Saviola hakufika sentimita 170, wala hakuja kufika. Andrés D'Alessandro na Leandro Romagnoli nao hawakuwa watu wa kutisha kwa maungo. Walichofanana ni kwamba mpira ulipowafikia walikuwa tayari wanajua unakwenda wapi. Kiungo wa zamani aliwachagua wenye shingo.

Hakufanya peke yake. Pembeni yake alikuwapo Hugo Tocalli, aliyekuwa kipa enzi zake, na kocha wa viungo, Gerardo Salorio. Kambi ilikuwa Ezeiza, nje kidogo ya Buenos Aires, jirani na uwanja wa ndege, na huko vijana waliitwa kwa mazoezi mara kwa mara katika kipindi chote cha msimu, mashindano yawe karibu au mbali. Baada ya yale ya Ureno, tabia iliwekwa juu ya orodha. Mchezaji aliyekuwa akijibizana na mwamuzi au kulipiza kisasi alijifunza kwamba jezi ile ina masharti. Wazee wetu walisema samaki mkunje angali mbichi. Pekerman aliikubali nusu ya pili ya maneno hayo, ile ya kuwahi mapema. Kuhusu kukunja, alikuwa mwangalifu: alichotaka kwanza ni kujua samaki mwenyewe anapindia wapi.

Matokeo yalikuja haraka kuliko alivyostahili mtu wa subira. Aprili 1995, mjini Doha, Qatar, vijana wake walioongozwa na nahodha Sorín waliifunga Brazil 2–0 katika fainali. Timu iliyokuwa imefungiwa miaka michache nyuma ikawa bingwa wa dunia. Wangeweza kusema ni bahati. Miaka miwili baadaye wakaenda Malaysia, na hapo ndipo ningependa tukae zaidi, kwa sababu kikosi kile kilikuwa na swali gumu la kiufundi ndani yake.

Swali lilikuwa hili: Riquelme na Aimar. Wote wawili viungo wachezeshaji, wote wa namba kumi, wale ambao timu nzima hugeuka kuwatazama kabla ya kushambulia. Makocha wengi wangemchagua mmoja na kumwekea mwenzake koti benchini, na wangeeleza vizuri tu: wapishi wawili jiko moja, chakula kitaungua. Lakini ukiwatazama kwa karibu walikuwa watu wa aina mbili. Riquelme ni mzito wa hatua. Anapokea mpira, anaukanyaga, anaweka mwili wake katikati ya mpira na adui kama mtu anayefunga mlango kwa mgongo, na hapo ndipo anapoanza kutafuta. Mchezo wote unasubiri. Aimar hasubiri. Anapokea akiwa tayari amejigeuza upande, mguso wa kwanza unampita mtu, wa pili unampita mwingine, na mpira anauachia akiwa bado anakimbia. Mmoja anasimamisha saa, mwenzake anaikimbiza. Kocha anayetazama namba ya jezi anaona wachezaji wawili wa kazi moja. Kocha aliyewahi kucheza katikati anaona kwamba adui atakayejipanga kwa mwendo wa huyu atapitwa kwa mwendo wa yule.

Ili hilo liwezekane lazima nyuma yao awepo mtu wa kufagia, na kazi hiyo akapewa mtoto wa miaka 16, Cambiasso. Si kwamba alikuwa na nguvu kuliko wengine. Alikuwa na utulivu wa mtu aliyekwisha kuliona tukio kabla halijatokea, na hakuhitaji kukimbia sana kwa sababu aliwahi kufika. Nyuma kulikuwa na Walter Samuel, ambaye watu wa Italia baadaye walimwita Ukuta, na upande wa kulia kijana mmoja mchapakazi, hodari wa mbio, asiyetajwa sana na yeyote: Lionel Scaloni.

Safari haikuwa laini. Katika makundi walifungwa na Australia 4–3. Wakavuka, wakakutana na Uingereza ya Michael Owen na Jamie Carragher, wakashinda 2–1, Riquelme bao moja na Aimar bao moja. Jibu la lile swali likaandikwa ubaoni. Robo fainali walikuwa Brazil, ambao mechi iliyotangulia walikuwa wamewafunga Ubelgiji mabao 10–0. Argentina wakashinda 2–0, na mmoja wa wafungaji alikuwa Scaloni. Nusu fainali wakaifunga Ireland 1–0. Fainali ilichezwa Shah Alam, tarehe 5 Julai 1997. Uruguay walitangulia kufunga, Cambiasso akasawazisha, Diego Quintana akamaliza. 2–1.

Mwaka 1999 nchini Nigeria mambo yalikwenda mrama: Mexico waliwafunga 4–1 na kuwarudisha nyumbani hatua ya kumi na sita bora. Mwaka 2001 mashindano yalifanyika Argentina kwenyewe, na vijana wa zamu hiyo, Saviola, D'Alessandro, Maxi Rodríguez, Nicolás Burdisso, walicheza kama watu waliokua nyumba moja. Saviola alifunga mabao 11. Fainali iliwakutanisha na Ghana, ambayo kikosini mwake alikuwamo Michael Essien, na Argentina wakashinda 3–0. Makombe matatu katika mashindano manne.

Wengi wakifika hapa huweka nukta. Kombe la tatu, makofi, mwisho. Lakini kumsifu kocha wa vijana kwa makombe ni kama kumsifu mkunga kwa sauti ya kilio cha kwanza. Kilio ni habari njema. Swali ni mtoto atakuwa nani. Mambo mawili aliyoyafanya Pekerman yananionesha kwamba alilijua hilo. La kwanza ni la mwaka 1998, baada ya Kombe la Dunia la Ufaransa, kocha wa wakubwa Daniel Passarella alipoondoka. Timu ya wakubwa ilikuwa mezani, na Pekerman, bingwa wa dunia mara mbili, hakuichukua. Alikubali kuwa meneja mkuu wa timu zote za taifa, akapendekeza Marcelo Bielsa apewe wakubwa, yeye akarudi kwa watoto. Kiungo mzuri akiona mwenzake amekaa vizuri zaidi hupiga pasi.

La pili lilitokea alipokubali hatimaye. Septemba 2004 Bielsa alijiuzulu, Pekerman akashika nafasi, na miaka miwili baadaye akawa Ujerumani kwenye Kombe la Dunia.

Ilikuwa Ijumaa, tarehe 16 Juni 2006, saa kumi alasiri kwa saa za Afrika Mashariki. Niliitazama mechi hiyo kibanda umiza, kwenye benchi la mbao, magoti ya mtu wa nyuma yakiwa mgongoni mwangu. Argentina na Serbia na Montenegro, kule Gelsenkirchen. Tayari ni 1–0, bao la Maxi Rodríguez. Inakaribia nusu saa. Argentina wanaupata mpira katika nusu yao, na wanaanza kuupitisha. Pasi fupi. Pasi ya nyuma. Riquelme anapewa, anarudisha. Mascherano anapewa, anampa Sorín kushoto, unarudi. Kibandani watu wakaanza kukasirika. "Piga basi!" mtu akapaza sauti. Unakwenda kwa Ayala, unarudi kwa Maxi, kwa Cambiasso, kwa Riquelme tena. Waserbia wanahama kwa pamoja kulia, wanahama kwa pamoja kushoto, kama watu wanaovuta jamvi zito, na kila wakihama mmoja wao anachelewa nusu hatua. Sisi hatukuiona nusu hatua ile. Walioiona walikuwa wao.

Halafu mwendo ukabadilika. Sorín kwa Saviola. Saviola kwa Riquelme, Riquelme kwa Saviola. Saviola ndani kwa Cambiasso, Cambiasso akampa Hernán Crespo ndani ya boksi na hakusimama, akaendelea kukimbia. Crespo hakugeuka. Alimrudishia kwa kisigino, mpira ukaviringika polepole mbele ya mguu wa kushoto wa Cambiasso, na Cambiasso akaupachika juu nyavuni. Kibanda kizima kilinyamaza kidogo kabla ya kulipuka, maana kila mtu alikuwa anarudisha nyuma kichwani mwake kuona ilianza wapi. Waliohesabu wanatofautiana kidogo. Zilikuwa pasi zipatazo 25.

Ilinichukua miaka kuelewa nilichokiona. Pitia majina ya bao lile tena. Sorín: nahodha wa Doha, 1995. Riquelme na Cambiasso: Malaysia, 1997. Saviola na Maxi Rodríguez: Buenos Aires, 2001. Vizazi vitatu vya vijana ambao hawakuwahi kuchezea pamoja timu ya watoto, kila kimoja kilipita Ezeiza kwa wakati wake, na walipokutana ukubwani walikuwa wanazungumza lugha moja. Hakuna kocha anayeweza kufundisha pasi 25 za namna ile katika wiki tatu za kambi. Mazoezi ya bao lile yalichukua miaka kumi na mmoja. Mechi iliisha 6–0, na bao la sita lilifungwa na kijana aliyeingia kipindi cha pili, Lionel Messi, bao lake la kwanza katika Kombe la Dunia.

Wiki mbili baadaye, Berlin, ndipo ilipovunjika. Robo fainali, Argentina inaongoza 1–0 dhidi ya wenyeji kwa kichwa cha Ayala kutokana na kona ya Riquelme. Dakika ya 72 Pekerman anamtoa Riquelme na kumwingiza Cambiasso. Kisha Crespo akatoka, akaingia Julio Cruz, mrefu wa mipira ya juu. Messi akabaki benchini. Dakika ya 80 Miroslav Klose akasawazisha, mechi ikaenda kwenye mikwaju ya penalti, na mkwaju wa mwisho wa Argentina, uliookolewa na Jens Lehmann, ulipigwa na Cambiasso. Yule wa miaka 16. Pekerman alijiuzulu muda mfupi baada ya hapo.

Sitamtetea kwa mabadiliko yale. Aliyetumia miaka kumi na miwili kuwaambia vijana wasiuogope mpira aliuogopa yeye, kwa dakika kumi na nane, na alimtoa uwanjani mtu pekee aliyejua kuusimamisha mchezo. Labda ni kwa sababu kazi hizi mbili zina saa tofauti. Kwa vijana, kosa la leo ni somo la mwakani. Kwa wakubwa hakuna mwakani. Kuna dakika ya 80. Baadaye Colombia ilimpa nafasi nyingine, akaifikisha robo fainali ya Kombe la Dunia la 2014, hatua ambayo nchi hiyo haijawahi kuivuka, na Wacolombia wakampa hadi uraia. Lakini mimi nikimtaja Pekerman bado namwona Ezeiza, filimbi shingoni, akimtazama mtoto ambaye jezi imempwaya.

Na watoto wale wamekua. Mwaka 2017 Aimar alipewa timu ya taifa ya chini ya miaka 17. Kiungo mwingine, njia ileile: kutoka kupiga pasi uwanjani hadi kulea wapiga pasi. Mwaka 2018, baada ya wakubwa kufanya vibaya kwenye Kombe la Dunia la Urusi, Scaloni na Aimar waliwapeleka vijana wa chini ya miaka 20 kwenye mashindano ya L'Alcúdia, Hispania, wakarudi na kombe. Scaloni akakabidhiwa timu ya wakubwa kwa muda tu, chama kikitafuta jina kubwa. Watu waliuliza lile swali la mwaka 1994: huyu ni nani? Aimar akabaki pia na watoto wake, na mwaka 2019 akawapa ubingwa wa Amerika Kusini kule Peru.

Novemba 2022, Qatar. Argentina wamekwisha kufungwa na Saudi Arabia, na wakishindwa na Mexico wanarudi nyumbani. Dakika ya 64 Messi anapiga kutoka nje ya boksi, mpira unajikunja chini kwenye kona. Kamera inatafuta benchi la ufundi. Anaonekana Aimar, ameshika kichwa kwa mikono miwili, analia kama mtoto, na Scaloni yuko pembeni yake. Samuel naye yumo kwenye benchi lilelile. Watatu wa Malaysia, 1997, wakiwa hatua chache kutoka Doha, mahali ambapo mwalimu wao alichukua kombe lake la kwanza. Mwezi uliofuata wakawa mabingwa wa dunia, na jina la Pekerman halikuwamo kwenye karatasi yoyote ya mechi.

Kazi haikuishia pale. Placente, beki wa kushoto wa kikosi kilekile cha 1997, naye alikwenda kwa watoto. Aliwafikisha vijana wa chini ya miaka 17 nusu fainali kule Indonesia mwaka 2023, na Oktoba 2025, nchini Chile, akawafikisha wa chini ya miaka 20 kwenye fainali ya Kombe la Dunia. Wakafungwa 2–0 na Morocco, na walilia pale uwanjani kama vijana wanavyolia, wakidhani mambo yamekwisha. Kocha wao alijua kwamba yeye zamu yake ndiyo iliyokuwa inaisha. Wao walikuwa wanapokewa upande wa pili.